Uchambuzi Si Neno la Kujifichia

Hapana neno linalotembea sana katika ofisi zetu za Unguja na Pemba kuliko neno uchunguzi pamoja na jamaa zake. Mwananchi akipeleka malalamiko ya mpaka wa shamba, hujibiwa kwamba suala lake linafanyiwa uchunguzi. Wazee wa shehia wakiuliza habari za mfereji uliokauka, huambiwa kwamba tathmini inaendelea. Skuli ikikosa mabati, huja barua yenye maneno "uchambuzi wa kina". Mtu huondoka ofisini akiwa ameridhika, kwani maneno hayo ni mazito na yana heshima. Baada ya miezi hurudi, na hukuta neno lile lile likimngoja mlangoni.

Hatuna ugomvi na maneno hayo. Ni maneno mema ya Kiswahili, na baadhi yake yamezaliwa katika mashamba na majiko yetu wenyewe. Tunalotaka kulisema leo ni kwamba kila moja lina kazi yake, na mwenye kulitamka huwa ameahidi kazi hiyo wala si nyingine. Maneno haya yakichanganywa kiholela, si lugha peke yake inayoharibika. Mwananchi hukosa kujua adai nini, na mtumishi wa serikali hukosa kujua ameahidi nini.

Wahenga walisema mchele mmoja mapishi mbalimbali. Kiswahili kimejaliwa maneno mengi ya kulitazama jambo kwa undani: kuchunguza, kuchambua, kuchanganua, kupembua, kuchekecha, kukagua, kuhakiki, kutathmini, kutafiti, kupeleleza, kupekua, kudadisi. Mwanafunzi akiulizwa maana ya mojawapo, hujibu kwa kutaja jingine, na mwalimu humpa alama. Kwa mtihani jawabu hilo latosha. Kwa shughuli za umma halitoshi hata kidogo, maana wali na biriani vyote ni mchele, lakini aliyealikwa biriani akiletewa wali mkavu anajua kwamba amepunjwa.

Tuanze na neno kuchambua, kwa kuwa hilo ndilo visiwa hivi vinalolijua kwa vidole kabla ya kulijua kwa kalamu. Mchumaji hashuki juu ya mkarafuu na karafuu tupu. Hushuka na vishada, matumba yakiwa yameshikana na vikonyo vyake. Jioni vishada humwagwa juu ya jamvi, na watu wa nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, hukaa wakachambua: karafuu huku, makonyo kule. Hapana kishada kinachorukwa. Hapana anayetazama rundo kwa mbali akasema ameshachambua. Kwa desturi malipo ya mchumaji hupimwa kwa pishi, na pishi haijazwi kwa maneno.

Kazi hiyo inatufunza mambo matatu. La kwanza ni kwamba kila kipande hupita mkononi. La pili ni kwamba mwishoni huonekana marundo mawili, na mpita njia yeyote aweza kuyatazama na kukubali kuwa kazi imefanyika. Tena lile rundo la pili halitupwi. Makonyo hupelekwa kiwandani huko Chake Chake yakakamuliwa mafuta. La tatu, na ndilo kubwa, ni kwamba uchambuzi una muda wake. Karafuu mbichi zikiachwa zimerundikana huvunda, zikapoteza rangi yake na thamani yake. Atakayesema "tutachambua wiki ijayo" hatakuwa na cha kuchambua.

Basi ofisi inapoandika kwamba suala fulani linafanyiwa uchambuzi, mzee wa Wete au wa Mkoani ana haki ya kuuliza maswali hayo hayo matatu. Mmepitia barua zote, au mmetazama juu juu? Marundo yako wapi, yaani lipi limekubaliwa na lipi limekataliwa? Na kazi hiyo mtaimaliza lini, kabla jambo halijavunda?

Siku hizi neno hili limepata makazi mengine. Ukimtaja "mchambuzi" barazani, wengi humfikiria mtu wa redioni au wa televisheni anayeeleza kwa nini timu fulani imefungwa. Hilo nalo si matumizi mabaya. Mchambuzi mzuri wa mpira huitenga safu ya ulinzi na ya ushambuliaji, akaonyesha goli lilianzia kwa nani. Lakini wapo wanaosimulia tu yale ambayo kila mtu ameyaona, wakaita kusimulia huko uchambuzi. Desturi hiyo imehamia hata katika taarifa za kazi. Taarifa hurudia matukio tangu Januari mpaka Disemba, kisha juu yake huandikwa jina la uchambuzi. Huo ni usimulizi, kwani karafuu na makonyo bado vimo katika rundo moja.

Jikoni nako kuna maneno yanayostahili kutazamwa. Mama anayepepeta hurusha nafaka juu kwa ungo, upepo ukachukua makapi. Anayepembua hutikisa ungo kwa ustadi mpaka chuya na vijiwe vikajitenga na mchele safi. Anayechekecha hutumia chekecheke; unga laini ukapita na chenga zikabaki. Kazi hizi ni tatu na vyombo vyake ni viwili, wala hapana mpishi anayezichanganya. Katika hizo, serikali imechukua kupembua ikaunda istilahi ya upembuzi yakinifu, ambao hufanywa kabla ya kujenga bandari, barabara au kiwanda. Yakini ni jambo lisilo na shaka. Kwa hiyo upembuzi yakinifu ni kuutikisa mradi katika ungo mpaka ijulikane bila shaka kama una mchele au ni chuya tupu.

Yafaa ikumbukwe kwamba ungo hauahidi kwamba mchele utapatikana. Mama aweza kupembua akagundua kuwa gunia lote halifai, akalirudisha dukani. Vivyo hivyo upembuzi yakinifu wa kweli ni ule unaoweza kutoa jawabu la hapana. Ikiwa jiwe la msingi limeshawekwa na wageni wameshaalikwa, kisha ndipo upembuzi ukaagizwa, huo utakuwa ni sherehe ya ungo wala si kupembua. Fedha za umma huhitaji ungo kutangulia chungu.

Neno kuchanganua lina siri yake iliyo wazi kwa kila mwenye sikio la Kiswahili. Kuchanganya ni kutia pamoja. Kuchanganua ni kuvitenga vilivyotiwa pamoja, kama vile kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Wanafunzi wa sekondari hulikuta neno hili katika uchanganuzi wa sentensi, ambapo kila neno huwekwa mahali pake na kupewa jina la kazi yake. Mkuu wa idara anayeambiwa achanganue bajeti hana budi kufanya kama mwanafunzi yule. Kila kifungu kisimame peke yake na kijulikane kinafanya kazi gani. Akileta jumla kuu peke yake, atakuwa amechanganya, na hiyo ni kinyume cha kazi aliyotumwa.

Sasa tulitazame neno uchunguzi lenyewe, ambalo ndilo pana kuliko yote, na kwa sababu ya upana wake ndilo linaloonewa kuliko yote. Daktari huchunguza mgonjwa, tume huchunguza ajali, mnajimu huchunguza nyota. Zamani neno hili lilibeba pia kazi ambayo leo tunaiita utafiti. Mwaka 1964 kilianzishwa mjini Dar es Salaam chuo cha kuichunguza lugha yetu, na mwaka 1970 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyojulikana na wengi kwa ufupi wa TUKI. Taasisi hiyo ndiyo iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Uchunguzi katika jina lile ulikuwa na maana ya kukusanya maneno, kuyalinganisha na kuyafasiri kwa miaka mingi. Mwaka 2009 taasisi hiyo iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya chuo hicho, ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Katika muda huo neno utafiti lilikuwa limeshashika kazi ya wasomi, na uchunguzi ukabaki zaidi kwa madaktari, askari na tume.

Mabadiliko hayo si hasara. Lugha hugawa kazi kama nahodha anavyowagawia mabaharia wake. Mtafiti hutafuta lisilojulikana, na huenda asimjue hata mtu mmoja atakayenufaika leo. Mchunguzi hutafuta jambo lililotokea: nini, lini, wapi, kwa mkono wa nani. Mpelelezi hufanya kazi ya mchunguzi lakini kwa siri, akiwa na jinai machoni. Ndiyo maana mshtakiwa anayeambiwa mahakamani kwamba upelelezi haujakamilika hawezi kuonyeshwa yote yaliyopatikana. Lakini mkulima aliyelalamikia mbolea mbovu hana mshtakiwa wala jinai. Akijibiwa kwa sauti ile ile ya siri, ananyimwa anachostahiki. Uchunguzi wa mbolea hauna sababu ya kufichwa.

Yako maneno mengine yaliyovaa kanzu ya Kiarabu yakawa wenyeji. Kutathmini kuna asili moja na thamani. Anayetathmini hana budi kumaliza kwa kutaja kitu kina thamani gani. Barabara inapopanuliwa na minazi na mikarafuu ya watu ikalazimika kukatwa, tathmini ni kuhesabu mti mmoja mmoja na kuandika bei yake, ili mwenye mti ajue fidia yake. Tathmini isiyomaliza kwa thamani ni jina lisilo na mwenyewe. Kuhakiki nako kuna ujamaa na haki na hakika. Mhakiki wa fasihi hutafuta ukweli na ubora wa kitabu. Mhakiki wa vyeti hutafuta ukweli wa cheti. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya jinsi kazi ile ilivyofanywa na walivyotendewa walioguswa. Hata hivyo, kwa upande wa neno, ripoti ile ilitoa kile ambacho uhakiki huahidi, yaani jawabu la kweli au si kweli, na idadi yake.

Tumeliacha mwisho neno ukaguzi kwa makusudi, kwani hilo limeandikwa kwa machozi ya watu wetu. Kukagua ni kukitazama kitu kwa kukilinganisha na kanuni iliyowekwa. Mkaguzi wa hesabu huitazama stakabadhi na sheria ya fedha. Ndiyo maana ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufika katika Baraza la Wawakilishi ikieleza palipokiukwa. Mkaguzi wa skuli huutazama ufundishaji na mtaala. Mkaguzi wa chombo cha bahari huutazama mwili wa chombo, maboya, na idadi ya watu, akalinganisha na cheti. Ukaguzi wa chombo hufanywa kikiwa bado kimefungwa gatini, na una uwezo wa kukizuia kisiondoke.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Iliundwa tume ya uchunguzi, na matokeo yake yakaonyesha kwamba meli ilikuwa imebeba watu zaidi ya mara tatu ya idadi iliyoruhusiwa. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe. Uchunguzi wa ajali ni kazi ya lazima na ya heshima. Hutuambia nini kilichotokea, na huwapa waliofiwa ukweli wanaostahiki. Lakini tume haiwezi kumrudisha hata mtoto mmoja. Aliyeweza kuwaokoa ni mkaguzi anayesimama gatini, anayehesabu vichwa, na anayesema: chombo hiki hakiondoki.

Hapo ndipo tofauti ya maneno haya inapokuwa tofauti ya uhai na mauti. Ukaguzi hutangulia, uchunguzi hufuata. Nchi inayosifu tume zake na kuwasahau wakaguzi wake itakuwa hodari wa kueleza misiba kuliko kuizuia. Na mkaguzi atakayepita gatini akatazama kwa jicho moja kisha akatia saini hakukagua. Amechungulia. Wazee wetu walikwisha kutuusia kwamba mchungulia bahari si msafiri. Kuchungulia na kuchunguza yanafanana kwa sauti, lakini la kwanza ni la anayepita dirishani na la pili ni la anayeingia ndani.

Tukiwa katika mazungumzo ya maneno, tusisahau kwamba yako pia yale ambayo watu wameyapa sura mbaya. Mtu akiuliza sana, huitwa mdadisi kwa kubezwa, au mpekuzi, kama kuku anayefukua taka za nyumba ya jirani. Visiwa vyetu vimelelewa kwa sitara, na sitara ni tabia njema. Mambo ya chumbani hayapekuliwi. Lakini fedha za shehia si mambo ya chumbani, wala maji, wala dawa za hospitali, wala idadi ya abiria. Mwananchi anayeuliza habari za mambo hayo si mpekuzi. Ni mwenye mali anayetaka kujua hali ya mali yake. Sheha au mkuu wa idara atakayemwita mdadisi kwa kumnyamazisha, atakuwa amelitumia neno kama fimbo.

Nini basi kifanyike? Hatudai kamusi mpya. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lipo kwa sheria ya mwaka 2004; wataalamu wa maneno tunao. Tunalodai ni nidhamu ndogo ya barua. Afisa anayemwandikia mwananchi na ataje kazi kwa jina lake sahihi. Kama ni kupima thamani, aandike tathmini na aseme bei itatajwa lini. Kama ni kulinganisha na kanuni, aandike ukaguzi na aitaje kanuni. Kama ni kutafuta lililotokea, aandike uchunguzi na awataje wanaochunguza. Kama ni kupitia hoja nyingi na kuzitenga, aandike uchambuzi na aonyeshe marundo yake. Na kama hakuna kazi yoyote inayofanyika, kwa kuwa fedha hazipo au uamuzi haujatoka juu, aandike hivyo hivyo. Ukweli huo ni mchungu, lakini mwananchi aweza kuupangia maisha yake. Neno zito lisilo na kazi ndani yake halipangiki.

Kwa upande wa wananchi, tunawanasihi wasiogope uzito wa maneno. Anayeambiwa tathmini aulize thamani. Anayeambiwa uhakiki aulize kweli au si kweli. Anayeambiwa upembuzi aulize kama jawabu la hapana limeruhusiwa. Kuuliza huko kufanywe kwa adabu, na kwa maandishi inapowezekana, wala si kwa kelele. Afisa mwema hatachukia. Atafurahi kuona anaowatumikia wanaelewa kazi yake, na yule asiyefanya kazi ataona kwamba pazia limefunuliwa.

Lugha hii tumeirithi kwa watu waliokuwa wakisema kuchambua na vidole vyao vikiwa na rangi na harufu ya karafuu. Hawakuwa na nafasi ya kulitumia neno hilo kwa kazi ambayo haikufanyika, kwa sababu rundo lililoachwa lilikuwa likivunda mbele ya macho yao. Malalamiko ya wananchi nayo huvunda, ila harufu yake huchelewa kufika ofisini. Atakayeandika kesho kwamba jambo "linafanyiwa uchambuzi wa kina", na akumbuke kwamba anawaandikia watu ambao neno hilo ni kazi yao, na ambao wanajua huchukua muda gani.